Kifuniko cha Shemeji

Shangazi mpendwa, nisikilize kwanza ndipo unigombeze, maana kifua kimejaa na sina mwingine wa kumwambia.

Mimi ni mratibu katika kampuni ya mafuta ya kula, na siku hizi wakubwa zetu wanasema kampuni haiwezi kubuni kila kitu yenyewe, lazima ifungue milango watu wa nje walete mawazo, wazo likifaa tugawane faida, basi wakaanzisha mpango wa Lete Wazo, wakanipa meza, mhuri na kabati la mafaili, na mimi kwa kiherehere changu nikamwambia mume wa dada yangu, ambaye ni fundi wa pampu, alete kile kifuniko chake cha dumu, ukimimina mafuta hayachuruziki ubavuni, tone la mwisho linarudi ndani lenyewe, alikichonga kwa kipande cha bomba akakirekebisha miezi na miezi huku dada akilalamika kwamba ameletewa mke mwenza wa plastiki.

Akakileta, akasaini fomu, nikagonga mhuri. Mkuu wa bidhaa alikigeuzageuza, akamimina mara tatu, akaniambia, "Hiki kizuri. Usimjibu." Shangazi, nilielewa palepale, kwa sababu fomu yetu ina kipengele cha kumi na moja, kwa herufi ndogo, kinachosema mleta wazo asipoulizia kwa maandishi ndani ya siku tisini atahesabiwa ameliacha na linakuwa mali ya kampuni, na watu wengi hawaulizii, wanaona haya kuonekana wana njaa, na sisi tunaitegemea hiyo haya, ndivyo tunavyofanya kazi. Kila Jumapili nikienda kwao shemeji ananiuliza, "Vipi shemeji, lile jambo letu?" nami namwambia, "Vuta subira shemeji, wale hawapendi kusumbuliwa." Hata aliponitumia ujumbe kwenye simu, siku ya sabini hivi, kuulizia kifuniko chake, nilimjibu hivyohivyo, vuta subira. Siku tisini zikaisha, nikapandishwa cheo, na sasa kifuniko kiko madukani, kila dumu letu linacho.

Kinachoniua ni kwamba hakunishuku hata kidogo. Dada ndiye aliyenunua dumu, akaliweka mezani nami nimekaa, shemeji akamimina, akatazama ule mdomo wa dumu, akacheka akasema, "Kumbe akili yangu si mbaya. Wenzetu waliwaza hivihivi, wamenizidi mbio tu. Nimechelewa." Wiki iliyofuata akauza vifaa vyake vya kuchongea, jiriwa, tupa na misumeno yote midogo, anasema kubuni ni kwa waliosoma. Na akanipongeza kwa cheo, Shangazi, alinishika mkono kwa mikono yake miwili! Tangu siku hiyo nikienda kwao nasema nimeshiba. Nikisema napoteza kazi na dada, nisiposema nakwisha kidogo kidogo. Nimwambieje ili asinichukie?

Mratibu Mwenye Aibu

*

Mratibu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, ya pili nikakasirika. Umemwaga yote hayo, na mwisho swali lako ni asikuchukie. Namna ya kumrudishia kitu chake hukuuliza.

Najua uliamriwa, na najua kazi haziokotwi barabarani. Lakini mkuu wa bidhaa hakwenda kwao Jumapili hata moja. Wewe ndiye uliyekaa kwenye kiti cha dada yako, ukala, ukamwambia mumewe avute subira huku ukihesabu siku. Kampuni kupokea wazo la mtu wa nje si kosa, ziko zinazofanya hivyo kwa heshima: zinamjibu mtu, zinakaa naye, zinaandikiana, anapata chake. Nyie mmetega. Mnakaribisha watu kwa mabango kisha mnawangoja wanyamaze. Usiniambie huo ni ubunifu.

Sasa sikiliza vizuri. Ujumbe wa simu ni maandishi. Aliutuma kabla siku hazijaisha, akamtumia mratibu wa mpango, na mratibu ni wewe. Mimi si mwanasheria, ila nadhani mwanasheria wa kampuni yenu angefurahi sana ujumbe huo usingekuwepo. Basi usiufute. Toa nakala ya fomu yenye mhuri wako, chapisha ujumbe wake pamoja na jibu lako, kisha andika kwa mkono wako uliyoambiwa na mkuu wako, na tarehe. Vyote umkabidhi shemeji yako mkononi, muende pamoja kwa mwanasheria kabla ofisini hawajanusa kitu. Kazi huenda ukaipoteza. Ipoteze. Cheo ulichopewa ni ujira wa kunyamaza, na sasa unasema.

Nenda Jumapili hii, dada yako akiwepo. Usianze na samahani, wala usianze na bosi wako. Anza kwa kumwambia kwamba hakuchelewa, kwamba kile kifuniko ni chake na hakuna mwingine aliyekiwaza. Akikufukuza, inuka uondoke bila kubishana. Na usilie mbele yao, mama, maana ukilia dada yako atainuka kukubembeleza wewe, na mumewe atabaki amekaa peke yake.

Shangazi