Mshipi Uliolala Upande

Jumapili, 1 Desemba

Ziwa limefunga, limeganda barafu. Orville Maki, yule mwenye njia ya kushukia ziwani, kapiga simu asubuhi: barafu ya inchi nne karibu na ufuko, wiki hii watu wataanza kuingia kwa miguu. Wendell, mume wangu, alikuwa mezani anapigana na kifungo cha shati. Akakiacha hapohapo. "Mama, ziwa limefunga!" Tangu kiharusi cha Machi maneno yake yanatoka mazito, kama ana uji mdomoni. Hayo yalitoka safi.

Mimi nikaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi tayari.

Naogopa. Naandika hapa kwa sababu kusema siwezi. Miaka thelathini na tatu nimeolewa na mvuvi wa barafu, na barafu ya Desemba sijawahi kuikanyaga. Ya Januari, sawa, inabeba malori. Ya Desemba ndiyo iliyommeza kaka yangu Curt nikiwa na miaka kumi na mmoja.

Jumanne, 3 Desemba

Wendell kasema atakwenda ziwani. Nisipokwenda naye, atakwenda peke yake. Na mguu ule anaouburuta!

Nimempigia binti yetu, Jolene, nikidhani atanisaidia. Alifoka mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. Kwamba baba yake kichwa kigumu, na mimi namdekeza. Kisha akaomba kuongea naye, akalia. Wendell akamwambia kiharusi kimechukua mkono, ziwa hakijalichukua. Akakata simu akaomba kahawa, kama mtu aliyemaliza kazi.

Ukweli ni huu, na ni humu tu nitauweka: tangu Machi sijamwona akitaka kitu. Chochote. Anakula kwa sababu nimeweka sahani. Sasa anataka. Nitamnyimaje?

Nimekubali. Kwa masharti: majaketi ya kuelea, na mbele natangulia mimi na mtaimbo, nikigonga kupima barafu.

Jumatano, 4 Desemba

Shule ya jikoni! Mimi mwanafunzi, miaka hamsini na saba.

Majira ya baridi kila mtu anaruhusiwa mishipi miwili, na Wendell siku zote alitumia yote miwili. Fimbo ya kucheza mkononi: unainua, unaachia, chuma cha chambo kinang'aa kule chini na kuwaita wolai, samaki tunaowavua, kutoka mbali. Fimbo ya kulala pembeni, kwenye tundu la pili la barafu: dagaa hai kwenye ndoana, boya juu, haiguswi. Anasema wolai ana tabia za mgeni wa harusi. Ngoma ndiyo inayomleta, lakini akifika anakwenda kula pale penye utulivu.

Mkono wake wa kuchezesha ndio uliokufa. Kwa hiyo mkono ni mimi. Nimekaa kwenye kiti nachezesha chuma ndani ya ndoo, yeye ananisahihisha. "Unapiga mayai, Mardell? Taratibu!" Paka akakirukia chuma, ndoo ikamwagika, Wendell akacheka mpaka machozi. Na mimi nikacheka. Halafu nikaenda bafuni nikakaa ukingoni mwa beseni la kuogea, mlango nimeufunga.

Ijumaa, 6 Desemba

Tumekwenda na tumerudi. Tuko hai. Wolai wawili.

Mtaimbo kila hatua mbili. Du. Du. Nilikuwa nasikiliza kama daktari. Inchi tano, tano, tano na nusu. Nyuma yangu Wendell na fimbo yake ya kutembelea, na mimi navuta sleji juu ya theluji, yenye hema, jiko na keekee ya kutobolea barafu. Barafu inalia! Mlio mrefu unaotoka mbali, unapita chini ya buti zako na kwenda zake. Wendell anasema barafu inayolia ni barafu inayokua, ya kuogopwa ni iliyonyamaza. Mimi naogopa zote mbili.

Tuligombana kidogo kuhusu fimbo yake ya kuvulia. Dagaa anatakiwa aning'inie, chubwi, ule uzito wa risasi kwenye mshipi, isiguse chini. Lakini kwa mkono mmoja hawezi kupima, anaiachia tu risasi ile mpaka inalala kwenye matope, basi. Nikamwambia ni uvivu. Akasema ni uzee. Nikataka kumpimia, akaifunika fimbo kwa mkono. Hiyo ni yake.

Samaki wote wawili wamekuja kwenye fimbo yake.

Njiani kurudi alipiga mluzi. Midomo haifungi vizuri, ni hewa tu ilikuwa inatoka, lakini najua alikuwa anapiga mluzi. Kesho anataka tena.

Jumamosi, 7 Desemba

Ziwani. Saa nane na dakika kumi mchana. Naandika kwa penseli. Wendell kasema andika, usinitazame.

Kwa utaratibu. Niandike kwa utaratibu.

Tuliingia saa tatu asubuhi. Orville alikuwa kwenye kibanda chake, akasema barafu ni safi ila upepo wa mashariki utaongezeka mchana, tusikawie. Nilisikia. Nasema wazi, nilisikia. Tukatembea mbali kuliko jana, kwa sababu Wendell alisema wolai wamesogea. Tukapiga hema, jiko likawaka, ndani pakawa na joto mpaka nikavua kofia. Upepo tuliusikia kwenye turubai tu.

Saa sita hivi akasema, "Mshipi wangu unalala upande."

Nikautazama. Kweli, kwenye tundu haukwenda wima, ulielekea ukutani mwa hema. Nikamwambia unalala upande kwa sababu umeutupa upande, mzee. Nikauvuta, nikautupa upya, nikarudi kwenye wangu. Wangu ulikuwa umenyooka. Bila shaka ulikuwa umenyooka! Wangu unaning'inia, haujashika kitu chini.

Baada ya muda boya lake likazama. Polepole, bila kishindo. Nikapiga kelele, nikavuta — hakuna. Dagaa mzima, anachezacheza. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu Wendell akaanza kusema neno, likakwama, na mimi nikamkata. Nikamwambia kwa mkono huo huo mmoja ungejifunza kupima, tusingekuwa tunavua matope.

Nilimwambia hivyo. Mungu anisamehe.

Hakukasirika. Akanishika kifundo cha mkono, akavuta pumzi, akayatoa maneno moja moja. "Mardell. Samaki hali polepole hivyo. Chubwi imekaa. Tunaotembea ni sisi."

Nikafungua zipu ya hema.

Miti ya ufukoni ilikuwa midogo. Na kati yetu na miti kulikuwa na maji. Meusi, na mawimbi juu yake. Maji mapana! Barafu yetu imekatika, upepo unatupeleka.

Saa nane na nusu.

Nimepiga namba ya dharura. Amepokea msichana, sauti tulivu. Anajua tayari. Si sisi peke yetu, kuna hema jingine upande wa kaskazini, watu sita, na watoto wamo. Boti ya feni, ile inayopita juu ya barafu na maji, iko moja, imekwenda kwao kwanza. Akauliza tuko wangapi, tuna umri gani, kuna mgonjwa? Nikasema mume wangu hatembei vizuri. Wendell akatikisa kichwa kwa hasira. Hata hapa ana haya!

Akasema: kaeni katikati, mbali na ukingo. Zimeni jiko. Majaketi ya kuelea yafungwe mpaka juu. Na mjifunge kamba, mmoja kwa mwenzake, mmoja akitumbukia mwingine amvute.

Nimefunga. Kiunoni kwake, kiunoni kwangu, hatua nne katikati. Fundo nililifunga mara mbili na kulikaza kwa meno.

Saa tisa kasoro dakika kumi.

Barafu imenyamaza. Tangu saa nane hailii.

Nilimwomba msamaha. Akasema kwa lipi? Nikasema unajua. Akasema miaka thelathini na tatu namsahihisha na leo ndiyo mara ya kwanza nimekosea, kwa hiyo si vibaya. Nikacheka, ikatoka kama kwikwi.

Akataka nile. Tukagawana sandwichi ya nyama baridi, haishuki. Amenipa kipande chake cha tango la siki, kile anachokipenda. Hilo limenitisha kuliko maji.

Saa tisa.

Ufa. Umepita hatua ishirini kutoka kwenye hema, upande wa ufukoni. Nyuzi nyembamba tu, lakini maji yanapanda juu yake na theluji inageuka kijivu.

Simu tena. Nilitoka nje ya hema kuongea, kadiri kamba inavyoruhusu. Msichana yule anasema boti imewapakia wale wa kaskazini, iko njiani kuwafikisha nchi kavu, ndipo igeuke. Nikauliza muda gani. Akasema wanafanya haraka kadiri wawezavyo, mama.

Nikarudi ndani. Wendell akauliza wamesemaje. Nikamwambia dakika ishirini. Akanitazama usoni muda mrefu, akasema sawa. Akaniambia nikae pale mlangoni nitazame kama boti inakuja, yeye macho yake mabovu. Macho yake si mabovu. Jana njiani kurudi aliiona miti ya ufukoni kabla yangu.

Nimekaa mlangoni. Nimempa mgongo, daftari kwenye goti. Hakuna boti. Upepo tu.

Kamba inatikisika.

Kidogo kidogo. Nikadhani ni baridi, anatetemeka. Nimegeuka nusu, namwona kwa pembe ya jicho. Amevua glavu. Vidole vya mkono wake mzima viko kwenye fundo, kiunoni kwake. Analifungua. Kwa mkono mmoja, taratibu, ulimi kati ya meno, kama anavyohangaika na vifungo vya shati asubuhi, na siku zote huwa namngoja kidogo kisha nakwenda kumsaidia.

Hajui kwamba nimeona, wala kwamba najua: akitumbukia, hataki kunivuta na mimi.

Fundo nimelikaza kwa meno. Halifunguki kwa mkono mmoja. Halifunguki. Lakini uzi mmoja wa nje umeshalegea, nauona, na nimeanza kuivuta kamba, polepole, asihisi, hatua nne zimekuwa tatu, na yeye bado