Papa mukwe anasifu sabuni, kumbe tanki nilibadilisha mimi

Mpendwa Maman Antoinette wa redio, naomba musaada, maana furaha yangu imeingia mashaka. Mimi ni Odette, muke wa Muderhwa, tuko na bwato ya moteri yenye kuvusha batu kutoka kisiwa ya Nkombo mpaka Kamembe, aliijenga Papa mukwe, Mzee Cirhuza, na tanki ya esansi, ile petroli ya moteri, aliipigilia chini ya mbao, hataki muntu aiguse, na kutu ilipoitoboa akawa anapitisha mukono kati ya mbao na kupakaa sabuni kwenye matundu kila asubuyi, sisi tunavusha bamama na batoto miguu ndani ya esansi, mimi naomba Mungu tu asipande muntu wa sigara. Basi alipoenda kwenye matanga Bukavu siku tatu, nikashika musumeno! Tulitoa esansi yote, mimi na fundi Harelimana tukakata mbao, tukavuta ile tanki, ee Maman, kidole kilipita chini yake kama kwenye mukate wa kulowana! Ile ya zamani nikaificha nyumbani, tukaweka mupya, na mufuniko ya mbao juu, ili siku ingine muntu afungue bila kukata. Sasa bwato inaenda, hainuki esansi hata kidogo, nilicheza pale bandarini bila muziki! Lakini Mzee haone tena muzuri, anasikia tu harufu imeisha, anasema ni sabuni yake, anafundisha benye mabwato bengine, na bawili bameanza kupakaa. Bwana yangu anasema tunyamaze, tusimupatishe Mzee aibu. Nifanye nini?

Odette dada yangu, hongera, mikono yako ibarikiwe! Nimecheka mpaka machozi. Lakini sasa nikugombeze. Umetoa hatari kwenye bwato moja, halafu unaiangalia inaingia kwenye mawili? Mwambie Muderhwa aibu haiunguzi muntu, esansi inaunguza.

Leo, si kesho, mpelekee Mzee ile tanki ya zamani. Mpigie magoti kama mukwe mwenye heshima, shika mkono wake, kidole chake mwenyewe kipite kwenye kutu. Atakasirika. Ana haki, ulikata mbao zake bila ruhusa, omba msamaha. Kisha mwambie: "Papa, bale bawili banakusikia weye tu." Mzee aliyejenga bwato hatataka batu baungue kwa neno lake. Akikataa, jitwike tanki kichwani, ushuke bandarini peke yako uwaonyeshe.

Mabwato yale mawili yanapakia batu kesho asubuhi. Zima redio, Odette, uende.