Ukoka Mbele ya Chumba Kipya

Jumatatu, 3 Machi
Mwaka wa thelathini na mbili tangu nitoke kwetu. Mafundi wamemaliza chumba changu ubavuni mwa nyumba ya binti yangu – dirisha pana, mlango wangu mwenyewe wa kutokea bustanini. Mungu awalipe. Ila maji ya mvua ya leo yamesimama mlangoni, hayaendi popote. Nimepandisha vitabu vya rafu ya chini. Aliyejengewa chumba halalamikii kizingiti.

Jumanne, 4 Machi
Mdogo wangu kapiga simu kutoka nyumbani. Mambo yametulia, nyumba ya baba ina nafasi, nije kabla ya mvua kubwa. Anataka jibu Jumapili. – Au ndio umeshakuwa mgeni, kaka? Akacheka. Miaka yote nimekuwa nikisema "nikirudi". Sasa nimeitwa, na ulimi mzito.

Alhamisi, 6 Machi
Binti yangu kaona zulia limelowa. Kanigombeza: – Baba, ulikuwa unangoja uelee?

Mumewe akamleta fundi wa bustani. Sururu ikalia – chini ya udongo kuna vipande vya matofali na simenti iliyoganda. Akaweka pimamaji juu ya ubao, akashangaa. Sawasawa kama meza! Nani kaagiza hivi?

Mkwe wangu akakuna kichwa. Ni yeye. Aliwaambia wajenzi waondoe kila mwinuko, mzee asijikwae na fimbo yake.

– Basi mmemtengenezea uwanja wa mpira, fundi akasema. Maji hayajui goli liko wapi.

Nilicheka mpaka nikakaa. Kisha nikaingia ndani, nikafuta miwani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Jumamosi, 8 Machi
Kifusi kimetolewa. Mtaro umechimbwa hadi mfereji wa barabarani: bomba lenye matundu, kokoto, kisha udongo. Mteremko ni mdogo hata mguu wangu hauuhisi. Tumepanda ukoka shada kwa shada, mimi kitini, nikitenganisha mizizi. Mjukuu wangu katangaza kuwa bwawa la Babu limefungwa, bata watafute kazi nyingine.

Mkwe akanikabidhi mpira wa kumwagilia. – Ukoka uangalie wewe, baba, mpaka ushike. Sisi tutasahau. Labda hata mpaka mwakani.

Binti yangu akaacha kupanda, akanitazama. Anajua habari ya simu.

Jumapili, 9 Machi
Mvua tangu alfajiri. Nimesimama mlangoni nikiyatazama maji yakienda zake. Mashada machache yameng'oka pale pembeni, nitayarudishia kesho.

Simu imelia mara moja, ikakatika. Mdogo wangu – atapiga tena. Naandika kwanza, sauti isije ikanitoka vibaya. Nyumba ya baba naikumbuka mlango kwa mlango, hata bawaba iliyokuwa ikilia jikoni. Nitamshukuru kwa kuniwekea nafasi. Nitamwambia aje yeye, aone.

Inalia tena.

Sirudi.