Lebo ya Unga wa Mama

Jumatatu, 1 Julai
Nimekwangua udaga, muhogo wetu wa kuvundika, tangu asubuhi. Vumbi mpaka masikioni. Magunia mawili yamekwenda mashineni, moja liko uani linapigwa jua. Mtama wa Butiama haujafika. Kaka Magesa anasemaga kesho. Kesho yake ina siku tatu.

Mama Zuhura kapiga simu kutoka Bunda. Anafungua duka jipya Jumamosi ya tarehe 20 na ananipa nafasi kwenye rafu ya unga. Mifuko mia tatu ya kuanzia. Ila hataki mifuko mitupu ya kaki kama ninayouza soko la Mwigobero. Anataka lebo iliyochapwa vizuri. "Mdogo wangu, usipoleta, rafu haikai tupu." Hana ubaya. Biashara ndivyo ilivyo.

Zamani mifuko yetu ilikuwaga na dole gumba la mama. Hakujua kuandika. Alikuwa anachovya dole kwenye wino anagandamiza mdomoni pa mfuko, kama alivyokuwa anaweka sahihi ya pamba kule ushirika. Tangu afe mifuko ni mitupu.

Mwezi wa saba huu tangu tumzike. Kipimo cha muhogo na mtama ni chake. Mpaka leo wateja wanaomba unga wa Mama Nyabweke. Hakuna anayeomba wangu mimi, Nyangeta. Jina lake likitoka sokoni limetoka. Nataka likae. Hilo tu.

Jumatano, 3 Julai
Kutafuta mchapaji. Nilidhani ni kazi ya saa moja. Wapi!

Kipimo changu ni kimoja. Nalowesha kidole, nasugua. Mwigobero watu wanashika mfuko na mikono yenye maji na magamba ya samaki. Wino ukitoka, jina limekwenda.

Wa kwanza, jirani na stendi. Rangi zinawaka. Nimesugua mara mbili, kidole kikawa cha bluu. Akanikasirikia eti naharibu sampuli yake. Wa pili, wino haukutoka, lakini hapokei kazi chini ya lebo elfu tano. Elfu tano nikazibandike wapi, kwenye mbuzi?

Miguu inauma.

Ijumaa, 5 Julai
Bunda. Mama Zuhura kanielekeza Kabasa kwa Mzee Shabani, mchapaji wa siku nyingi. Nimemsubiri atoke swala. Mashine yake iko nyuma ya nyumba, chumba kinanuka mafuta ya taa. Kabla sijatoa kidole, yeye mwenyewe kamwagia sampuli maji, akaisugua mbele yangu. Nikampenda.

Halafu masharti. Lazima nije mwenyewe. Nisome karatasi ya majaribio kwa sauti, kidole chini ya kila neno. Nilete na mtu mwingine asome. Kisha tukalale, kesho yake ndiyo nitie sahihi. Nikamwambia mzee, mimi nimesoma, sihitaji kusomeshwa lebo ya maneno kumi.

"Mwenye mali haoni, binti. Macho yake yameshazoea."

Nimeondoka na hasira zangu. Safari zote hizo za Bunda kwa ajili ya karatasi!

Jumanne, 9 Julai
Nimeamua. Kijana wa stesheneri hapa hapa Kitaji, Musoma. Ndiye aliyetuchapia ratiba ya mazishi, kwa hiyo picha ya mama anayo kwenye kompyuta. Sina haja ya kutafuta picha nyingine. Lebo zake ni za plastiki. Nimesugua mpaka kidole kikauma, wino hautoki. Ijumaa ananikabidhi.

Jioni kanitumia mfano kwenye simu. Kioo changu kimepasuka, lakini mama nimemwona. Anaangalia vilevile kama kwenye picha ya ukutani kwangu. Nimelia kidogo. Nikamjibu: sawa, chapa.

Ijumaa, 12 Julai
Lebo zimefika. Zinang'aa. Nimebandika arobaini za kujaribia soko kesho.

Nimefurahi, mara ya kwanza tangu Desemba.

Jumamosi, 13 Julai
Mungu nisamehe.

Mwigobero, asubuhi. Mama Masatu, muuza sangara, anachukua mfuko mmoja kila Jumamosi. Kaushika. Kautazama. Karudisha taratibu, akafuta mikono kwenye kanga.

"Nyangeta. Huu unga ni wa matanga?"

Nikaangalia. Pembeni mwa picha, utepe mweusi. Chini yake, msalaba mdogo. Ndiyo picha iliyokaa juu ya jeneza. Ndiyo iliyoko ukutani kwangu. Miezi saba naiangalia kila siku na utepe wake, mpaka nikaacha kuuona. Nilikuwa namwona mama tu.

Hakununua mtu. Mmoja kasema hawezi kupeleka msiba kwenye sufuria ya wanawe. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nisingenunua.

Jumapili, 14 Julai
Kaka Magesa kaleta mtama mwingine kutoka Butiama. Kakuta mifuko sebuleni. Hakupiga kelele, na heri angepiga.

"Sisi tumemzika mara moja. Wewe unamzika kila nyumba."

Chakula nilikuwa nimeshatenga. Kaondoka bila kula. Tangu nimezaliwa kaka hajawahi kuondoka kwangu bila kula.

Ugali nimempa mbwa wa jirani.

Jumatatu, 15 Julai
Asubuhi nimekwenda stesheneri nikiwa nimejaa maneno. Kijana kanionyesha simu. Sawa, chapa. Maneno yangu. Alidhani nautaka utepe, kwa heshima ya marehemu. Majuto ni mjukuu, na wangu amekuja mapema.

Nimepanda gari la Bunda. Shikamoo. Marahaba. Nimemweleza Mzee Shabani yote, sikuficha hata hasira za siku ile. Nilingoja aseme nilikuambia. Hakusema. Kauliza kabla ya picha, wateja walikuwa wanamjuaje mama yako?

Dole, nikasema. Walikuwa wanaangalia dole.

"Basi niletee hilo dole. Masharti ni yaleyale."

Jumanne, 16 Julai
Nimepekua stoo yote. Hakuna mfuko hata mmoja. Tuliuza, watu wakala, wakawashia moto. Nani anatunza mfuko wa unga?

Nikakumbuka mbegu za ulezi za kaka, anazitunza kwenye mfuko wa mama. Nimekwenda Butiama nikiogopa kama mtoto. Ule mfuko ulikuwa unaning'inia darini, juu ya jiko, umekuwa mweusi kwa moshi. Dole lilikuwepo. Lilikuwa limepauka, lakini mistari yote inasomeka, mpaka kovu la kukatwa na jembe.

Nimemweleza kaka masharti ya Mzee Shabani. Kamimina mbegu kwenye sufuria, kakung'uta mfuko, kavaa koti.

"Anataka mtu wa pili wa kusoma, si ndiyo?"

Jumatano, 17 Julai
Kabasa. Nimesoma kwa sauti, kidole chini ya kila neno. Unga wa Mama Nyabweke. Muhogo na mtama. Kilo mbili. Picha hakuna. Kaka kasoma baada yangu. Alipofika kwenye dole kasimama hapo, hakuendelea. Mzee Shabani katoka nje akajifanya anatafuta kitambaa.

Hatukutia sahihi. Tumelala kwa Mama Zuhura. Kaka kala sahani mbili.

Alhamisi, 18 Julai
Tumesoma tena. Hakuna kosa. Nimetia sahihi. Nikaomba radhi kwa maneno ya siku ile. Mzee kasema wenye haraka ndio wanaomrudia, asingekuwa na kazi bila wao.

Ijumaa, 19 Julai
Kubandika kutwa, stoo ya Mama Zuhura. Kaka ndiye aliyefuata unga Musoma. Mia tatu zimetimia. Mgongo hauna mwenyewe.

Jumamosi, 20 Julai
Duka limefunguliwa. Nimesimama karibu na rafu kama mlinzi. Wengi wamepita. Mama mmoja wa makamo kanyanyua mfuko, kageuza, kaweka kidole chake kwenye lile dole. Kasema, "Kumbe bado yupo," akautia kwenye kikapu.

Sikumrekebisha.

Nimerudi nyumbani na mfuko mmoja. Picha ya ukutani nimeiacha na utepe wake. Pale ndipo mahali pake. Nimelowesha dole gumba langu, nikaliweka juu ya la mama, nikasugua. Wino haukutoka. La kwake ni pana kuliko langu, linabaki pande zote.

Kesho naanika udaga.