Keza Alipokula Nyuma ya Jiko

Mwalimu Aikande, rafiki yangu,

Bwana Yesu asifiwe, hata huko uliko. Mimi bado nawapikia watoto makande hapa shuleni, ila nikimaliza kupakua sina wa kunong'ona naye. Kiti chako cha pale mlangoni hakikaliwi. Nimewakatalia.

Nimemkumbuka Keza alivyokuja kutoka Burundi, mama yake alipoolewa na yule dereva wa lori wa hapa Mwika. Mtoto anapokea sahani kwa mikono miwili, halafu anakwenda nyuma ya jiko, anageukia ukuta. Na mdomo wangu unaujua. Nikamfokea mbele ya foleni nzima, makande yetu yana sumu? Siku tatu hakuonekana. Mama yake akasema harudi tena.

Ukateremka kwao, ukakaa, ukasikiliza. Ukaja kuniambia ndivyo alivyolelewa na bibi yake, kula mbele za watu ni aibu. Niliona haya, Mwalimu. Asubuhi nikachuma isale, jani letu la kuombea msamaha ambalo hakuna Mchagga anayelikataa, nikampelekea Keza, wewe ukiwa nami, kwa heshima zote. Akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akampa mbuzi.

Nilitaka kulia. Wewe ulicheka mpaka ukajifuta machozi kwa kanga. "Mama Elinami, hapo umeomba kwa desturi ya kwetu. Sasa mwombe kwa mdomo."

Mtu mzima mimi, nikasema, nisamehe mwanangu. Kesho yake akarudi shuleni. Ukaweka benchi kule kule nyuma ya jiko, mkawa mnakula wawili, wote mmegeukia ukuta. Ile migongo yenu... basi.

Sasa yuko kidato cha pili. Kwenye msiba wako alikaa na wanao.

Muhula huu amekuja binti wa Kikongo, wanakaa njia ya Himo. Hasemi na mtu, na tangu juzi amegoma kuingia darasani. Mwalimu mkuu aliuliza nani ataenda kwao, walimu wakatazama chini. Nikanyoosha mkono, mimi niliyeishia darasa la saba. Keza amesema tutakwenda wote Jumamosi.

Pumzika kwa Bwana, Mwalimu wangu. Nakuahidi nitakaa nisikilize mpaka wamalize, ndipo nami niseme. Niombee. Unajua kunyamaza kunavyonishinda.

Mama Elinami