Fimbo ya Kuntai

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Kitengela, Wilaya ya Kajiado
Jumatano, tarehe 24 Aprili 2002
Kuhusu kifo cha Nashon Oyoo, mwanachuo

Mimi naitwa Lorine Adoyo Oyoo. Nina umri wa miaka thelathini na moja. Mimi ni Mjaluo, Mkristo, na kwetu ni Usenge, kando ya ziwa, Wilaya ya Bondo. Nashona nguo katika kiwanda kimoja cha Athi River na nimepanga chumba hapa Kitengela, nyuma ya soko. Marehemu Nashon alikuwa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu.

Nashon alikuja huku Januari mwaka jana kusomea ualimu. Muhula wa kwanza ulimsumbua. Midomo ilipasuka. Alisema upepo wa huku hauna adabu, unampiga mtu pande zote. Nilimnunulia sweta ya kijani, akawa analala nayo. Chakula pia kilimshinda. Alikuwa akiniuliza, "Dada, hawa watu kweli hawali samaki?"

Aliwekwa chumba kimoja na Samuel Kuntai, Mmasai wa Kimana. Huyu Kuntai ndiye mliyemweka ndani. Mara ya kwanza nilipowapelekea omena, wale dagaa wa ziwani, Kuntai alichungulia sufuria akasema, "Dada, hii siwezi. Macho yote yananiangalia mimi." Nashon alicheka mpaka akakaa chini. Yeye naye alikataa maziwa ya kibuyu kwa sababu yana harufu ya moshi. Kufika muhula wa pili alikuwa akiyanywa na kuomba mengine.

Nimeulizwa kama waligombana. Ndiyo, waligombania kitanda cha dirishani, mwaka jana, kwa ajili ya huo upepo. Waliamua kupokezana kila muhula. Sijui ugomvi mwingine.

Kuntai alimfundisha salamu za kwao. Alimwambia, "Ukikutana na mkubwa, usimpe mkono. Inama, yeye akuguse kichwa." Nashon alianza kunifanyia hivyo mlangoni kwangu. Anainama kama mtoto wa Kimasai, namgusa utosini, ndipo anaingia. Ilianza kama mzaha. Baadaye aliendelea nayo tu.

Nyuma ya chuo kuna mto ambao siku nyingi ni mchanga mtupu. Wachimba mchanga wameukata kingo, mahali pengine ukingo umempita mtu urefu. Nashon alipenda kusomea pale chini. Aliniambia akivua viatu na kufumba macho, ni kama yuko Usenge ufuoni. Kuntai hakupapenda hata siku moja.

Mnamo tarehe 21 Aprili, Jumapili, baada ya kanisa, niliwapelekea chakula pale mtoni. Ilikuwa yapata saa nane mchana. Jua lilikuwa kali, hapa Kitengela hakukuwa na wingu. Nashon alikuwa chini mchangani, amejilaza, miguu mitupu. Mimi na Kuntai tulikaa juu ukingoni. Kuntai alikuwa na fimbo yake ya kuchungia. Hutembea nayo hata chuoni, na Nashon alikuwa akimuuliza kila siku, "Ng'ombe wako wamefika darasa gani?"

Tulipomaliza kula, niliona mbuzi wa mtu wanapanda kutoka mtoni. Walipanda wote, upande wetu, na hakuna aliyewafukuza. Kuntai aliwatazama, kisha akatazama upande wa Ngong. Huko mbali kulikuwa kweusi.

Alimwita Nashon kwa neno la kwetu la ndugu, "Omera, panda. Huko juu kumenyesha."

Nashon alijibu, "Huko ni huko. Hapa ni jua."

"Hapa si kwako. Ni kwa maji, yamesafiri tu."

"Basi yakirudi nitayasalimia."

Kuntai hakucheka. Nilimwambia Nashon apande, akaanza kuokota vitabu, polepole, kama alivyokuwa akifanya kila kitu. Nilisikia mngurumo. Nilidhani ni lori la mawe.

Maji yaliyotangulia yalikuwa kidogo. Yalikuja na povu na majani makavu, kama maji yaliyomwagwa jikoni. Yalimfika Nashon kwenye vifundo. Mtu wa huku angekimbia. Ndugu yangu alifurahi. Kwetu maji yakikujia miguuni namna hiyo, ni ziwa linakukaribisha. Alikunja suruali, akainama, akanawa uso.

Kuntai alipiga kelele kwa Kimasai. Sikujua maneno, lakini nilielewa.

Ndipo yakaja yale mengine. Yalikuja yamesimama, na miti na mawe ndani yake. Nashon alikimbilia ukingo wa upande wetu, lakini pale palikuwa pamekatwa, hakuna pa kukanyaga. Kuntai aliinua fimbo juu ili ipite kichaka cha ukingoni, akaishusha kwa nguvu kwa Nashon. Nashon aliishika kwa mikono miwili. Kuntai alikuwa amelala kifudifudi na udongo ulikuwa unammeguka kifuani. Mimi nilimshika mshipi wa suruali, nikakaza miguu kwenye mzizi.

Najua mwanachuo Gakuru amesema aliona Kuntai akimpiga ndugu yangu kwa fimbo. Gakuru alikuwa mbali, kwenye ua wa chuo. Kutoka pale angeona fimbo ikipanda na ikishuka. Simlaumu. Lakini mimi nilikuwa hapo.

Ukingo ulimeguka tena, Kuntai akaenda mbele hadi tumboni. Hajui kuogelea, na Nashon alijua hivyo. Nashon alimtazama akasema, "Achilia, Kuntai. Maji nayajua."

Kuntai alisema, "Hapana."

Nilikuwa nimeshika mshipi. Nilihisi uzito wa watu wawili, kisha wa mmoja.

Nashon alipiga mbizi kama tulivyofundishwa utotoni. Nilimwona akitokea mara moja, karibu na mti uliokuwa ukibingirika. Sikumwona tena. Jana Jumanne, wachunga ng'ombe walimpata kwenye kona ya chini. Nilimtambua kwa sweta, kiwiko nilikishona mimi kwa uzi mweusi kwa sababu kijani kiliisha.

Leo asubuhi, hapo nje, mjomba wetu Ojwang aliniambia, "Sema hukuona vizuri. Mtoto wetu hawezi kufa bure, na mtu wa ziwa hauawi na mchanga." Nilimjibu, "Mjomba, niliona."

Tulipoingia, Kuntai alikuwa anapitishwa kwenye ukumbi. Mkono wake wa kulia umefungwa kitambaa. Alisimama mbele yangu na kuinamisha kichwa. Mjomba alinivuta nguo. Nilimgusa Kuntai utosini, nikaweka mkono pale hadi askari aliposema twende.

Haya niliyoyasema ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu. Nimesomewa, na ni sawa.

Sahihi: L. Adoyo

Yamerekodiwa nami, Konstebo Priscilla Mbeke, leo saa tano asubuhi. Shahidi ameonyeshwa fimbo moja iliyochukuliwa mtoni, ameitambua kuwa ya Samuel Kuntai. Aliishika kwa muda upande wa mbele, ule alioushika marehemu, kisha akairudisha mezani. Nilipomuuliza kama ana la kuongeza, alisema, "Andika kwamba Kuntai hakuachilia." Nimeandika.