Kaka, Faili Tupu Si Kosa

Kaka yangu Shamte,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia tena, lakini mdomo umezoea.

Nimekigusa chombo chako. Ndiyo, kile kile ulichokiandika hapa nyumbani Kilindoni, kinachoisoma programu na kutaja majina yote yaliyomo ndani yake. Ulikataa katakata kukifananisha na chombo cha zamani cha kazi hiyo hiyo, ambacho watu walikizoea kabla ya chako. Faili ikiwa haina jina hata moja, chako kilitangaza kosa. "Asiye na kitu aseme hana!" ulikuwa ukinifokea. Sasa mifumo ya watu ya kujengea programu imezoea cha zamani, ambacho kikikuta faili tupu huitaja kwa sauti ya chini, kisha huendelea na kazi. Chako kikitangaza kosa, ujenzi wote unasimama.

Asubuhi yule bwana wa Dar, mtu wa mwisho anayekitumia, alinipigia. "Dada, pole na msiba. Ila kikigoma tena leo, tunakiondoa." Kikiondolewa pale, kazi yako nayo imezikwa.

Nikakumbuka harusi ya Kiegeani, ulipotoka chuo ukataka sahani yako peke yako. Shangazi hakukubembeleza. "Sinia hilo hapo. Nawa, ujongee." Ulinuna, ukanawa, ukajongea, na kipande kikubwa cha nguru ukakipata wewe.

Basi chombo chako nacho nimekijongeza. Faili tupu si kosa tena. Nimekipa hata jina la kile cha zamani, maana ndilo mifumo inaloliita. Hapo, Kaka, nilikuchukia kidogo kwa ubishi wako ulioniachia mimi kazi hii.

Nikamtumia yule bwana wa Dar. Umeme ukakatika, mtandao ukaenda nao. Mama akaniletea uji, sikuugusa. Nilikuwa nikitembea ukumbini kama mtu anayengoja mzazi leba. Umeme uliporudi, ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Ujenzi umepita. Hatujaona tofauti yoyote."

Ndicho nilichokiomba kwa Mungu, na ndicho kilichoniliza. Mama alidhani nimepata habari mbaya. Nikamwambia hapana, kazi ya Shamte inatumika. Akafuta macho kwa ncha ya kanga, akasogea kwenye kompyuta.

"Iko wapi? Nionyeshe."

Mistari ya ujenzi ilikuwa ikipita, Kaka, yote kwa jina la kile cha zamani, na sikuwa na pa kumwekea kidole.

Kaburi lako liwe na nafasi na nuru.

Mdogo wako